Namna ya kuchoma DVD ya video ikasoma kwenye deki, hata ile kuukuu

Maswali ni yaleyale. "Kwenye kompyuta inacheza, mbona kwenye deki inaandika NO DISC?" "Inaanza vizuri, ikifika kwenye kukata keki inaganda." "Picha inatoka lakini haina rangi." "Shangazi yuko Marekani, anasema deki yake imeikataa." Wengi wanaouliza wameshanunua diski nyingine wakidhani za kwanza zilikuwa mbovu. Mara nyingi diski haina kosa. Kosa liko kwenye kilichoandikwa juu yake, au kwenye spidi iliyotumika kukiandika.

Hapa tutatoka kwenye video iliyoko kwenye simu au kamera mpaka diski iliyojaribiwa na kuandikwa jina. Mfano ni video ya harusi ya dakika 90. Mahafali, kwaya, maulidi na kipaimara vinafuata njia hiyohiyo. Nazungumzia video yako mwenyewe au ya mteja aliyekupa kazi. Filamu za dukani zina ulinzi wake na sheria zake, humo siingii.

Kabla ya yote: deki inatafuta nini?

Deki ya DVD haifungui kila faili kama kompyuta. Inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili ya VOB, IFO na BUP, na ndani ya VOB video iwe ya MPEG-2. Ukikokota MP4 ukaidondosha kwenye diski, ulichotengeneza ni diski ya kuhifadhia data. Hata pale Windows inapokuuliza kama diski itumike kama flashi au kwenye CD/DVD player, ukachagua player, MP4 inabaki kuwa MP4. Jibu lako halikuigeuza.

Hapo mtu husema: mbona zile diski za mtaani zenye filamu kumi ndani yake zinacheza? Nyingi kati ya hizo zina mafaili ya AVI ya DivX au Xvid, na deki nyingi za bei nafuu zimepewa uwezo wa kuyasoma. Angalia usoni mwa deki kama kuna nembo ya DivX. Lakini simu yako hairekodi hivyo, inarekodi H.264 au H.265, na deki hizo haziijui wala hii wala ile. Kwa hiyo usijilinganishe na diski za mtaani. Tengeneza DVD ya video kamili, ambayo kila deki ya DVD iliundwa kuisoma.

Unachohitaji

- Kompyuta yenye nafasi ya GB 15 hivi. Kama ni ya mezani na umeme wa mtaani kwenu haueleweki, iwe na UPS. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuchomwa, diski hiyo imekwisha. Laptopu yenye betri nzima inatosha.
- Draivu ya kuchomea. Laptopu nyingi za sasa hazina, utanunua ya nje ya USB. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB, kwa sababu inakula umeme wa kutosha wakati wa kuchoma.
- Diski za DVD-R za kuandikwa mara moja. Aina ya diski ina maneno yake hapa chini.
- DVDStyler, ya kutengenezea mpangilio wa DVD. Ni ya bure na iko ya Windows, Mac na Linux.
- ImgBurn, ya kuchomea kwenye Windows. Nayo ni ya bure. Toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la 2013 na bado linafanya kazi, ila wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa na ukatae programu za ziada inazotaka kukubandikia. Kwenye Linux tumia K3b.
- VLC, ya kujaribia.
- Deki moja ya zamani. Azima kwa jirani kama huna. Hii watu huiruka, nami naiona muhimu kuliko programu yoyote niliyoitaja.

*Kuhusu diski.* Chukua DVD-R, yenye alama ya kutoa. DVD-R ilitoka 1997, karibu sawa na deki zenyewe. DVD+R, yenye alama ya kujumlisha, ilifuata 2002, na deki za mwanzo hazikuifahamu. DVD-RW na DVD+RW, zile za kufuta na kuandika tena, ziache: zinarudisha chini ya theluthi ya mwanga wa leza, wakati DVD-R hurudisha asilimia 45 au zaidi. Deki yenye leza iliyochoka haizioni kabisa. Za tabaka mbili, GB 8.5, nazo ni ghali na deki nyingi hukwama pale leza inapohamia tabaka la pili. Diski mbili za kawaida ni bora kuliko moja ya tabaka mbili.

Iwe unanunua Kariakoo au Luthuli Avenue, usibebe boksi zima la diski 50 siku ya kwanza. Nunua chache, choma moja, jaribu, ndipo urudi. Jina zuri kwenye boksi haliniambii kitu, bandia ni nyingi.

Hatua ya 1: Amua PAL au NTSC

Hii ni mifumo miwili ya picha za TV. Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Ulaya ni PAL: picha 720×576, fremu 25 kwa sekunde. Marekani, Canada na Japani ni NTSC: 720×480, fremu 29.97. Uliza diski inakwenda wapi kabla hujagusa kitu. Deki nyingi za Marekani hazichezi PAL kabisa, na hapo ndipo shangazi anapokwama. Si mambo ya namba ya ukanda (region code), maana diski unayochoma nyumbani haifungwi na ukanda wowote.

Kuna jambo moja linachanganya. Simu nyingi zinarekodi fremu 30. Ukizigeuza kuwa 25, watu wakipita mbele ya kamera utaona picha inadundadunda kidogo. Deki nyingi zinazouzwa kwetu zinacheza mifumo yote miwili, hivyo video ya simu naweza kuiacha NTSC kama mwenyewe ana TV bapa. Lakini kama diski ni ya wazee wenye TV ya chogo, weka PAL, ukubali mdundo huo. TV ya chogo isiyojua NTSC itawaonyesha harusi nzima kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ujazo

Boksi linasema GB 4.7, Windows inasema 4.37. Hakuna aliyeibiwa: ni baiti bilioni 4.7, Windows inazihesabu kwa njia yake. Shida ni kwamba watu wanaijaza yote.

Diski inaandikwa kutoka ndani kwenda nje. Ukingo wa nje ndipo makosa ya kuchoma yanapojaa, ndipo vidole vinaposhika, na ndipo diski inapoyumba zaidi. Ndiyo maana video inaganda kuelekea mwisho, kwenye keki na zawadi, wala si kanisani. Acha ukingo huo mtupu. Usivuke baiti bilioni 4.2, ambazo Windows itazionyesha kama GB 3.9.

Hesabu ni rahisi: gawa 560,000 kwa idadi ya dakika. Unapata kilobiti kwa sekunde za picha na sauti pamoja. Toa 224 za sauti, inayobaki ni ya picha.

- Dakika 60: inatoka zaidi ya 9,000, lakini usiweke zaidi ya 7,000.
- Dakika 90: karibu 6,000.
- Dakika 120: karibu 4,400.
- Dakika 150: karibu 3,500. Hapa watu wakicheza muziki picha inaanza kuvunjika vipande. Gawa kwenye diski mbili.

Kwa nini 7,000 wakati kiwango cha DVD kinaruhusu picha kufika 9,800? Kwa sababu kiwango hicho kinasomeka vizuri kwenye diski ya kiwandani. Kwenye diski ya kuchoma, deki iliyochoka inashindwa kuvuta data kwa kasi hiyo na picha inaanza kukatakata. Macho hayataona tofauti kati ya 7,000 na 9,000 kwenye video ya simu.

Mteja anayetaka saa nne ziingie kwenye diski moja mwambie ukweli mapema. Atakulaumu wewe, hatailaumu hesabu.

Hatua ya 3: Tengeneza DVD kwenye DVDStyler

Fungua mradi mpya. Chagua ujazo wa 4.7 GB, mfumo wa PAL au NTSC kama ulivyoamua, umbo la 16:9 kwa video ya simu iliyolazwa, na sauti ya AC-3. Kwenye ubora wa picha usiache Auto. Andika namba uliyoipata. Kisha kokota video yako ndani. Programu yenyewe itaigeuza kuwa MPEG-2.

Menyu ni mahali watu wanapoteza jioni nzima na kutengeneza matatizo. Maua yanayotembea, muziki, vitufe vinane. Rimoti ya deki nyingi ilishapotea zamani. Diski ikiwekwa ikasimama kwenye menyu, na kitufe cha kukubali kiko kwenye rimoti tu, mzee atakaa anaitazama picha ya maharusi mpaka mjukuu arudi shule. Kwa diski ya nyumbani ondoa menyu kabisa, video ianze yenyewe. Kama inakwenda kuchezwa ukumbini au kwenye basi, weka amri ya kurudi mwanzo video inapoisha.

Weka alama ya sura (chapter) kila baada ya dakika tano. Siku diski ikipata mkwaruzo, mtu ataruka sehemu moja badala ya kupoteza yote.

Na majina ya maharusi usiyabandike ukingoni mwa picha. TV ya chogo hukata kingo zote nne.

Hatua ya 4: Toa ISO, usichome bado

DVDStyler inaweza kuchoma yenyewe, lakini chagua kutengeneza faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja. Kazi ya kugeuza video inaweza kuchukua saa kadhaa kwenye kompyuta ya kawaida, na diski ikiharibika hutaki kuirudia. Ukiwa na ISO unachoma nakala kadri unavyotaka. Kwa kuwa hukuvuka baiti bilioni 4.2, ISO yako itaingia pia kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, ambayo hukataa faili la GB 4 na kuendelea.

Fungua ISO hiyo kwa VLC. Angalia mwanzo, katikati, na dakika tano za mwisho. Sikiliza kama midomo na sauti vinakwenda pamoja. Kosa likionekana hapa halijakugharimu diski.

Hatua ya 5: Choma taratibu

Kwenye ImgBurn chagua kuandika ISO kwenye diski. Weka alama kwenye Verify. Spidi iwe 4x, au 8x kama diski zako ni nzuri. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama dakika 15. Kwa 8x karibu nusu yake. Kuna wanaosema 1x ndiyo salama kabisa. Diski za sasa zenye alama ya 16x hazikutengenezwa kwa 1x, na draivu nyingi hata hazitakupa chaguo hilo.

Zuia kompyuta isilale yenyewe, funga kivinjari, na usihamishe mafaili makubwa. Draivu ya nje iweke mahali pa kutulia. Isiwe kitandani wala magotini.

Diski lazima ifungwe mwishoni, la sivyo deki itaiona kama diski tupu. ImgBurn hufanya hivyo yenyewe. Programu nyingine zina kitufe cha Finalize, na deki za kurekodi zina hicho hicho kwenye menyu. Hakikisha umekibonyeza.

Kama umepata DVD+R pekee, ImgBurn ina kitufe cha Book Type. Draivu yako ikikubali, weka DVD-ROM kabla ya kuchoma. Deki itadhani ni diski ya kiwandani. DVD-R haibadilishwi hivyo wala haihitaji.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye deki mbovu kuliko zote

Verify inathibitisha kwamba draivu iliyochoma inaweza kusoma ilichoandika. Deki ni mnyama mwingine. Iweke kwenye deki kuukuu uliyoazima, ruka moja kwa moja hadi robo ya mwisho, uiache icheze mpaka itoke. Ikipita hapo, choma nakala zilizobaki kwa diski za boksi lilelile na spidi ileile.

Hatua ya 7: Jina na kutunza

Andika kwa kalamu ya wino laini ya kuandikia CD. Usitumie kalamu ya mpira, inakwaruza. Stika ya karatasi usiibandike kamwe: haikai katikati sawasawa, diski ikizunguka inayumba, na joto la deki likiikunja diski nayo inajikunja. Wateja wanaipenda stika yenye picha yao. Waprintie karatasi ya jalada, waiweke kwenye kasha.

Jua ni adui wa rangi inayoshika data ndani ya diski. Dashibodi ya gari na kabati la dirishani si mahali pake. Kwa watu wa Pwani, kasha lifungike vizuri, maana chumvi na unyevu havikawii. Kufuta vumbi: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha.

Ikigoma

*NO DISC au DISC ERROR papo hapo.* Iweke kwenye kompyuta. Ukiona MP4 badala ya folda ya VIDEO_TS, rudi Hatua ya 3. Folda ikiwepo lakini ndani ya folda nyingine, uliichoma vibaya. VIDEO_TS inatakiwa ikae juu kabisa, isifunikwe na kitu. Yote yakiwa sawa, jaribu DVD ya kiwandani kwenye deki hiyo. Ikikataa na hiyo, tatizo ni deki.

*Deki inasoma CD, DVD haisomi.* CD na DVD hutumia mwanga tofauti, wa CD nanomita 780 na wa DVD 650. Wa DVD unaweza kufifia huku wa CD ukiendelea. Kabla ya kuhukumu, fundi asafishe lenzi kwa pamba na spiriti. Vumbi la kwetu linatosha kuipofusha.

*Inaganda kuelekea mwisho.* Umejaza ukingo, au diski ni duni. Punguza ujazo, shusha spidi, badilisha aina ya diski. Fanya moja baada ya nyingine ujue ipi ilikuwa mchawi.

*Inakatakata tangu mwanzo, hasa watu wakicheza.* Kilobiti ni nyingi mno. Shusha hadi 5,000.

*Picha haina rangi, au inakimbia juu chini.* Ni PAL na NTSC. Rimoti nyingi zina kitufe cha P/N. Kibonyeze mara moja, subiri, bonyeza tena. Kama rimoti haipo, choma upya kwa mfumo wa TV hiyo.

*Watu wamekuwa wembamba au wanene.* Umbo la 16:9 na 4:3 limegongana. Kagua kwanza mpangilio wa TV kwenye menyu ya deki, ndipo urudi kwenye mradi wako.

*Picha ipo, sauti haipo.* Ulitumia sauti ya MP2 kwenye diski ya NTSC. Weka AC-3.

*Deki inakataa kila DVD ya kuchoma, lakini za kiwandani inacheza.* Hapa umebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni VCD kwenye CD-R: MPEG-1, 352×288, dakika 74 hadi 80 kwa diski, picha kama ya mkanda wa VHS. Harusi yetu ya dakika 90 itakula CD mbili. Ya pili, kama deki ina tundu la USB, achana na diski. Chukua flashi ya FAT32, ugeuze video iwe AVI kwa FFmpeg, programu ya bure unayoiandikia amri:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=720:-2 -r 25 -c:v mpeg4 -vtag xvid -b:v 1500k -c:a libmp3lame -b:a 128k harusi.avi

Itatoka kama GB 1.1. Jina la faili liwe fupi, bila nafasi wala alama, na usiliweke ndani ya folda. Deki ikionyesha jina lakini haichezi, haina DivX. Inabaki ile VCD.